Maji Niliyoyabadilisha Jumamosi

Mimi ni mtu wa kuogopa. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani hukaa siku tatu kwa mwezi, husema kwamba mimi hata kivuli changu nakipigia hodi kabla ya kukikanyaga. Anacheka yeye. Lakini jiko la gesi nalikagua mimi, mara tatu kila tunapokwenda kulala, na mlango nikishaufunga kwa ufunguo nausukuma tena kwa bega. Miaka ishirini na sita ya ndoa nyumba yetu haijaungua wala haijaibiwa. Sijui kama ni kwa sababu ya woga wangu. Siwezi kuuacha ili nijaribu.

Nilisoma mpaka darasa la sita. Baada ya hapo nimefua nguo za watu, nimeosha vyombo hotelini, na sasa huu ni mwaka wa nne nafanya usafi kwenye karakana moja inayotengeneza vibao: vya milangoni, vya mezani, vya namba za nyumba. Ni vyumba viwili tu. Cha mbele ni cha kupokelea wateja, ukuta mzima umejaa vibao vya mfano. Cha nyuma ni cha mashine, na kati yao kuna mlango wa kioo.

Mashine yenyewe inakata kwa leza. Ni kama meza kubwa yenye kifuniko, na ndani yake mwanga usioonekana unapita juu ya plastiki na kuikata kama kisu cha moto kwenye siagi. Huo mwanga unatoka kwenye mrija mnene wa kioo uliolazwa mgongoni mwa mashine. Mrija unapata joto kali, kwa hiyo lazima maji ya baridi yapite ndani yake muda wote, na kazi ya kuyapoza na kuyasukuma ni ya kisanduku cha chuma kilichowekwa sakafuni, ukubwa wake kama begi la safari. Mafundi wanakiita chila. Kina feni, kina pampu, kina tangi dogo, na usoni kina namba nyekundu zinazoonyesha maji yana joto kiasi gani. Hayo yote nimefundishwa na mwanangu, maana anayeendesha mashine hiyo ni mwanangu wa kwanza, binti yangu.

Watu wanamwita Kijiti kwa sababu ya wembamba wake. Alikuja karakana kunisaidia kuosha madirisha, miaka miwili iliyopita, akaanza kumuuliza maswali mwendeshaji aliyekuwepo. Yule kijana alipopata kazi kwingine, mwenye karakana akamjaribu Kijiti kwa wiki moja, na hiyo wiki haijaisha mpaka leo. Katika ukoo wetu, upande wa baba na upande wa mama, hakuna mwanamke aliyewahi kupewa mashine na kuambiwa ni yako. Ndugu zangu wakinipigia simu huulizia mashine kwanza, halafu yeye.

Mwenye karakana tunamwita Rula, ingawa si mbele yake. Ana rula ya chuma mfukoni na hupima kila kitu, hata mkate. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akisema neno huwezi kujua kama ni mzaha mpaka mwezi uishe.

Basi Alhamisi moja chila ilianza kulia. Mlio wake ni mwembamba, wa kukata, kama wa mtoto asiyetaka kubembelezwa. Mashine ikajizima yenyewe. Kijiti akafungua chujio la maji, akakuta utelezi wa kijani umeziba. Maji yalikuwa yamekaa miezi mitatu, na mipira inayoyapeleka inapitisha mwanga, kwa hiyo majani madogo yalikuwa yameota ndani. Alisafisha chujio, mlio ukanyamaza. Lakini Rula alikuwa amesimama mlangoni.

“Hiki kikilia tena,” alisema, “nitatafuta mtu anayeijua kazi.”

“Bosi, nilikwambia maji yamechakaa,” Kijiti akamjibu. “Nilikuomba maji ya betri tangu mwezi uliopita.”

“Nitaleta wiki ijayo.”

“Wiki ijayo ipi, bosi? Ya mwezi upi?”

Akacheka Kijiti, na Rula akacheka kidogo, akaondoka. Wao walilimaliza hapo. Mimi nilibaki na lile neno. Nililipeleka nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Mtu anayeijua kazi. Ijumaa nzima nilikuwa nikipita na fagio nikitazama ile mipira ya kijani, na kila nilipoitazama niliona mwanangu akirudi nyumbani na mkoba wake, akiniambia, mama, kazi imekwisha.

Jumamosi huwa nafanya usafi peke yangu. Karakana inafungwa, ufunguo ninao. Siku hiyo nilimaliza kazi yangu mapema, nikavua viatu mlangoni mwa chumba cha mashine, kwa sababu humo hamwingiwi na viatu. Rula anasema vumbi ni adui mkubwa wa leza kuliko maji. Nikapiga magoti mbele ya chila. Ubavuni, chini, kuna kizibo cha kumwagia maji. Nilikuwa nimemwona Kijiti akikifungua. Nikakifungua. Yakatoka maji ya kijani yenye harufu ya kisima kilichosahauliwa, hata ndoo moja hayakujaza. Nikasuuza tangi mara mbili. Kisha nikajaza maji safi ya bomba, yale ninayokunywa mwenyewe, na kwa kuwa sikutaka majani yaote tena, nikatia dawa ya maji, ile tunayotia kwenye maji ya kunywa nyumbani. Nyumbani natia kifuniko kimoja kwa ndoo. Pale nilitia vinne.

Nilipowasha chila ili maji yazunguke, mipira ikawa myeupe kama glasi iliyooshwa. Nilikaa chini nikaitazama. Naapa nilijisikia kama mtu aliyemvalisha mtoto sare mpya ya shule.

Sikumwambia mtu. Nilitaka aone mwenyewe.

Jumatatu asubuhi Kijiti aliona. Alikuwa amevua viatu, anavaa koti lake la kazi, akasimama na mkono mmoja ndani ya koti.

“Mama, njoo uone. Maji yamekuwa meupe.”

“Ehe?”

“Bosi kumbe ana moyo. Kaja jana kayabadilisha mwenyewe, hajasema hata neno.” Akatikisa kichwa. “Mtu akikwambia hamjui Rula, mwambie hata mimi simjui.”

Nilitabasamu. Nilikuwa nimepanga nimwambie saa ya kula, tukiwa tumekaa, nimwone uso wake. Rula alikuwa hajafika. Alikuwa amekwenda kupima milango ya zahanati mpya iliyotuagiza vibao sitini. Vilitakiwa siku hiyo hiyo, saa tisa. Mapokezi, Maabara, Chumba cha Sindano, namna hiyo.

Saa tatu vibao vya kwanza vilitoka vizuri. Ilipofika karibu saa nne nilimsikia Kijiti akiguna. Nikachungulia kwenye kioo. Alikuwa ameshika kibao kilichoandikwa Daktari, anajaribu kukitoa kwenye plastiki, hakitoki. Leza ilikuwa imechora mstari bila kukata. Akasafisha kioo cha kupitishia mwanga, akarudia. Mstari ukawa hafifu zaidi. Nikasikia kutoka mgongoni mwa mashine sauti ndogo, tss, tss, kama tone la maji linaloangukia kikaango.

Kijiti akaenda kwenye chila. Lazima niseme hapa jinsi wanavyofanya kazi pale. Chila ina kioo kidogo cha kuonyesha maji, lakini kiko nyuma, na nyuma yake ni ukuta. Kwa hiyo yule kijana wa kwanza alizoea kufungua mdomo wa kujazia, juu, na kuchovya vidole viwili ili ahisi kama maji yapo na kama yanazunguka. Kijiti alirithi mashine na akarithi hicho kidole. Hufanya hivyo mara tatu, nne kwa siku, kama mpishi anayeonja mchuzi.

Alichovya. Mara akautoa mkono kwa ghafla, akautikisa.

“Nini?” nikauliza kutoka mlangoni.

“Sijui. Maji yanauma leo.”

“Yanauma vipi?”

“Kama chungu wadogo.” Akacheka, akafuta vidole kwenye koti. “Labda yananidai.”

Mimi sikucheka. Umeme siujui, lakini najua kwamba maji hayana meno. Nikajua. Sikujua ni kwa nini wala ni vipi, lakini nilijua kwamba ni yale maji yangu.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Mtu akinihukumu kwa lolote katika habari hii, anihukumu kwa hapo. Kijiti alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Maneno yenyewe yalikuwa machache: ni mimi niliyeyabadilisha. Lakini nilifikiri, akijua yeye, itabidi amwambie Rula. Rula ataambiwa kwamba mama mfagizi alifungua mashine. Na mashine imeharibika. Na aliyemwonyesha mama jinsi ya kuifungua ni nani, kama si mwanawe? Nilihesabu hivyo, haraka, kama mtu anayehesabu hatua za anayemfuata. Nikajiambia, ngoja. Labda itakaa sawa.

Kijiti akampigia simu fundi wa majokofu anayetutengenezea chila, mtu mwenye mwili mkubwa ambaye wote tunamwita Fundi Barafu. Akasema yuko njiani. Sisi tunaijua njia ya Fundi Barafu. Ina vituo vingi.

Nikaenda kupiga deki. Mtu mwoga akikosa la kufanya hutafuta la kusafisha. Nilipiga deki chumba cha mbele, nikapiga deki kibaraza, na bila kufikiri nikaingia chumba cha mashine nikapiga deki humo pia, na kwa haraka yangu sikukamua tambara vizuri. Niliacha sakafuni dimbwi jembamba, kutoka kwenye meza mpaka kwenye chila. Naliona mpaka leo.

Rula alifika saa tano na nusu. Alipoona vibao ambavyo havikukatika, hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha.

“Vimetoka vingapi?”

“Kumi na tisa, bosi. Leza imepoteza nguvu. Nimesafisha vioo vyote. Fundi anakuja.”

“Tangu lini?”

“Tangu saa nne. Asubuhi ilikuwa nzuri tu. Hata nilifurahi, nilipoona umeshabadilisha maji.”

Rula alikuwa anatoa rula yake mfukoni. Mkono ukabaki hapo hapo.

“Nani kabadilisha maji?”

“Si wewe?”

“Mimi jana nilikuwa nyumbani kwangu na mafua. Mimi sijagusa maji.”

Wakatazamana. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa kioo, nimeshika mpini wa deki kwa mikono miwili.

“Kijiti,” Rula alisema polepole, “nilikwambia Alhamisi. Kama umetia maji ya ovyo ukaona aibu kusema, sema sasa.”

“Bosi, mimi sijatia kitu. Haki ya Mungu.”

“Basi yamejibadilisha yenyewe? Yamekwenda kuoga yakarudi?”

“Sijui. Sijui, bosi.” Sauti yake ikawa nyembamba. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu alipokuwa na miaka tisa. “Ningekuwa mimi ningesema.”

“Washa,” Rula akasema. “Washa nione. Na uangalie maji kama yanazunguka.”

Kijiti akawasha. Mashine ikanguruma, ile sauti ya tss ikaanza tena mgongoni mwake, mara hii kwa haraka zaidi, na mwanangu akageuka kwenda kwenye chila. Nikaona miguu yake. Hakuwa na viatu. Nyayo zake zilikuwa ndani ya lile dimbwi nililoliacha mimi. Akainama, akafungua kifuniko cha kujazia, akakunja mkono wa koti.

Nilitaka kusema, sauti haikutoka. Nimewahi kusikia watu wakisimulia kwamba woga huwafunga miguu. Mimi ulinifunga koo ukaniacha miguu. Niliingia na ndala zangu zenye matope ya deki, nikapita mbele ya Rula, nikakipiga kile kitufe chekundu cha kuzimia mashine kwa kiganja. Kitufe hicho nilikuwa nakifuta vumbi kila siku na nimekatazwa kukigusa kwa namna nyingine yoyote. Mashine ikafa. Kisha nikachomoa plagi ya chila kwenye eksitensheni iliyokuwa sakafuni, kwa kuvuta waya wake. Vidole vya mwanangu vilikuwa juu ya mdomo wa tangi, umbali wa upana wa rula.

“Mama, umerukwa na akili?” Rula akasema.

“Ni mimi,” nikasema. “Maji nilibadilisha mimi Jumamosi. Nilitia ya bomba. Nikatia na dawa.”

Kijiti alikuwa bado ameinama. Alinitazama kutoka chini, na nikaona akilini mwake asubuhi yote inarudi nyuma, saa baada ya saa, mpaka pale aliponiambia maji yanauma.

“Ulijua,” akasema.

“Nilifikiri...”

“Nilikwambia yananiuma, mama. Ulikuwa umesimama pale pale.”

Nikakaa chini, kwenye maji.

Fundi Barafu alifika adhuhuri, anahema, begi la vifaa begani na madumu mawili ya maji ya betri mikononi, yale yasiyo na chumvi wanayotia kwenye betri za magari. Kijiti alikuwa ameshamwambia kwenye simu. Hakuanza na mashine. Alianza na mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja kama mgonjwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Nieleze, mama yangu. Dawa ulitia vifuniko vingapi?”

“Vinne.”

“Nyumbani unatia vingapi?”

“Kimoja kwa ndoo.”

“Tangi hili halifiki ndoo. Kwa nini vinne?”

“Maji yalikuwa mabaya sana.”

Alianza kucheka, tumbo likatikisika, halafu akamwona Kijiti na akaacha.

Alieleza kwa upole. Mrija wa leza unapelekewa umeme mkali mno, maelfu kwa maelfu. Maji ya betri hayabebi umeme, kwa hiyo yanapita pembeni yake yakachukua joto peke yake. Maji ya bomba yana chumvi, na dawa inaongeza. Ukiyatia hayo, umeme unapata njia. Badala ya kufanya kazi ya kukata unatoroka kupitia kwenye maji, unafuata mipira, unashuka mpaka tangini. “Ndiyo maana leza ilikosa nguvu,” akasema. “Nguvu zilikuwa huku, zinamsubiri dada.”

Kisha akaiokota plagi ya chila pale nilipoitupa. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

“Hii plagi ilikuwa na miguu mitatu.”

Tukaitazama. Ilikuwa na miwili. Wa tatu ulikuwa umekatwa kwa msumeno, ukabaki kisiki kinachong'aa.

“Huu ndio mguu wa ethi,” Fundi Barafu akasema. “Umeme ukipotea njia unapita hapa unakwenda ardhini, mtu anabaki salama. Ukikatwa huu, ardhi inakuwa ni yule anayeshika. Peku. Kwenye sakafu iliyolowa.” Akapandisha macho. “Nani kaukata?”

Nilimwona Kijiti akitikisa kichwa. Nilijikagua hata mimi, nisije nikawa nilikata nikasahau.

“Mimi,” Rula akasema.

Alisema akitazama rula yake. “Eksitensheni ilikuwa ya matundu mawili. Mwaka jana. Nikasema nitanunua nyingine.”

“Wiki ijayo,” Kijiti akasema.

Hakusema kwa dhihaka. Alilisema tu, na Rula akairudisha rula yake mfukoni.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” Fundi Barafu akasema, akipiga magoti kwa shida mbele ya chila. “Leo kidogo kiwaumbue wawili kwa mpigo.”

Kazi yenyewe ilichukua saa tatu. Walimwaga maji yangu. Wakajaza maji ya betri kidogo, wakaiacha pampu iyazungushe bila kuwasha leza, wakayamwaga. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kila mara Fundi Barafu alichota kwenye glasi akaweka ncha mbili za mita yake, akasoma namba, akatikisa kichwa, mpaka ya tatu alipotikisa kwa namna nyingine. Akabadilisha mipira, akatia myeusi isiyopitisha mwanga, ili majani yasiote tena. Akaweka plagi mpya ya miguu mitatu na kuiunga moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, akaupima na ule waya wa ethi. Akasogeza chila nusu hatua kutoka ukutani, kile kioo cha nyuma kikaonekana, na akamwambia Kijiti: “Macho yako ndiyo kipimo, dada. Kidole kiache kivae pete.”

Mimi nilikuwa nje ya mlango wa kioo. Hakuna aliyenikataza kuingia na hakuna aliyeniita. Ilipofika wakati wa kuiwasha leza, Fundi Barafu alisema kwamba huenda mrija umeumia ndani, na kama umeumia, basi umekwisha. Kijiti alikuwa amevaa viatu. Sakafu ilikuwa imekaushwa na yeye mwenyewe, kwa taulo, akitambaa pembe hadi pembe. Aliweka kipande cha plastiki. Akabonyeza. Niliziba masikio ili nisisikie ile tss, nikafumba na macho, kwa hiyo sikuona wala sikusikia. Nilipofumbua, Rula alikuwa ameinua kibao kwenye mwanga. Kilikuwa kimekatika. Alikipima. Kisha akapiga simu zahanati kuomba wamwongezee muda mpaka kesho.

Baadaye alitoka akaja kwangu. Nilisimama.

“Mama, mimi sikufukuzi,” alisema. “Siwezi kukufukuza wewe nikabaki mimi. Lakini chumba cha mashine usiingie tena. Kijiti atakisafisha mwenyewe.” Akamgeukia. “Unasemaje?”

Nilitegemea atanitetea. Mama ni mama. Kijiti alinitazama, macho yake mekundu kwa uchovu.

“Sawa, bosi,” alisema. “Na iwe hivyo.”

Iliniuma, nisiseme uongo. Lakini ndani ya maumivu hayo kulikuwa na pumzi. Kama ningekuwa mimi ndiye ninayeamua, na mtoto ni wa mwingine, ningeamua vile vile.

Nyumbani alinyamaza siku tatu. Si kununa, maana alinisalimia, alipakua chakula, aliniuliza kama nimeona chaja yake. Alinyamaza pale palipokuwa na maongezi. Baba yake alipopiga simu nilimweleza yote, nikitegemea mzaha wake wa kivuli. Hakutania. Aliniuliza, “Sasa wewe unayeogopa kila kitu, siku hiyo uliogopa nini zaidi ya mtoto kufa?” Jibu ninalo sasa, na si zuri: niliogopa kufukuzwa kwake, na nilipokuwa nikiutazama woga huo sikuuona mwingine uliokuwa nyuma yake.

Siku ya nne, ilikuwa Ijumaa, nilikuwa nasugua vidirisha vya chumba cha mbele saa ya kula. Kijiti alitoka na bakuli lake, akaja akakaa kwenye benchi la wateja, karibu yangu, si mbali kama siku zile nyingine. Akala vijiko viwili. Akaweka kijiko.

“Mama.”

“Abee, mwanangu.”

“Leo asubuhi nimesahau kusafisha wavu wa vumbi wa chila. Feni ilikuwa inavuta kwa shida, namba ya joto ikapanda mpaka ishirini na nane. Nimeona kabla haijalia. Nimezima, nimesafisha, nimemwambia bosi mwenyewe kabla hajauliza.”

Nilitaka kumuuliza ilikuwaje akasahau, ana nini, amelala vizuri, mkono wake uko wapi, amegusa nini. Yote yalinijaa mdomoni kwa mara moja. Niliweka tambara chini.

“Akasemaje?”

“Akapima wavu.” Alicheka kidogo, akajizuia. “Sijui alikuwa anapima nini.”

“Na wewe uliogopa?”

“Sana.”

Nilikaa kwenye benchi. Mikono yangu ilikuwa na sabuni, nikaifuta kwenye gauni langu.

“Nieleze vizuri,” nikamwambia. “Namba ilianza kupanda saa ngapi?”